Gozo (Malta): ninunue nini cha mikono na cha kula, na nitajuaje kama si cha kiwandani?

Bint_Pangani

Salaam wadau, habari za humu. Mwezi wa tano inshallah mimi na mume wangu tunaenda Malta kupumzika, tunatokea Ujerumani, na tumeamua siku chache tukalale Gozo, kile kisiwa kidogo cha juu, maana wanasema Malta yenyewe imejaa majengo na watu. Sasa mimi si mtu wa kulala ufukweni kutwa nzima, mimi nikifika mahali nataka sokoni, nataka nione watu wanakula nini na wanatengeneza nini kwa mikono yao, halafu nirudi na vitu vya maana hata kama ni viwili tu.

Mama mkwe wangu yuko Pangani, ni msukaji wa ukili tangu usichana wake, na mama yule ukimpelekea kitu cha kazi ya mkono anakikagua haswa. Sumaku za friji na vijitaulo vyenye ramani ya kisiwa siwezi kumpelekea, ni kumkosea heshima. Nimesoma kwamba Gozo kuna lesi za mkono, chumvi ya baharini, jibini ndogo ndogo za kondoo na asali. Naombeni kujua: wapi nikanunue, bei zinapatana au ndo hivyo hivyo, nitajuaje lesi ni ya mkono kweli, na vyakula naruhusiwa kupita navyo Ujerumani na vingine kufika Tanzania? Halafu kuna shoga yangu kaniambia niachane na Malta niende Djerba Tunisia, ati ndo kwenye ufundi wenyewe. Aliyefika kote anisaidie. Sisi ni waislamu kwa hiyo mvinyo na soseji hatuna haja navyo.

---

Mkazi_wa_Sliema

Karibu sana dada. Mi niko Malta nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na Gozo naenda kila nikipata nafasi maana ndo pananikumbusha maisha ya taratibu. Ngoja nikuelekeze vizuri.

Ukitua airport panda basi la X1, linakwenda moja kwa moja mpaka Ċirkewwa, hapo unapanda feri kwenda Mġarr, bandari ya Gozo, ni kama dakika 25 tu. Usishangae ukienda hakuna mtu anakudai tiketi, nauli inalipwa ukiwa unarudi kutoka Gozo. Kuna na feri ya mwendo kasi inatoka Valletta kama mnataka kuanzia mjini, hiyo ilianza 2021, ila upepo ukiwa mkali inaahirishwa.

Mji mkuu wa Gozo ni Victoria, wenyeji wanauita Rabat. Pale katikati kuna uwanja unaitwa It-Tokk, asubuhi panakuwa na soko, mchana wanafungasha. Sasa nikuambie ukweli, nusu ya zile meza ni fulana, mikoba na vitambaa ambavyo vimekuja kwa kontena kama vinavyokuja Kariakoo, hata hiyo "lesi" ya bei chee imo humo humo. Usimalize hela zako pale. Pita nyuma ya uwanja kwenye vichochoro, kuna vijiduka vya vyakula vya kienyeji, huko ndo utapata nyanya zilizokaushwa juani, kunserva ambayo ni nyanya ya kupika iliyochemshwa ikawa nzito haswa, bigilla ambayo ni maharage makavu yaliyopondwa na vitunguu saumu na pilipili, na kepa, vile vifundo vya maua ambavyo havijachanua wanavyovihifadhi kwenye maji ya chumvi au siki. Kepa chagua zile ndogo kabisa, kubwa ladha inapoa. Vichaka vyenyewe utaviona vinaota kwenye nyufa za kuta za mawe kila mahali, hakuna anayevipanda, na mwezi wa tano ndo wakati watu wanachuma.

Chumvi sasa. Nenda Xwejni, ukifika Marsalforn unatembea tu pembeni ya bahari. Utakuta mwamba wote umechongwa visima vidogo vidogo vya mraba mpaka macho yanachoka, kazi ya miaka zaidi ya 300, na familia bado zinavuna. Maji ya bahari yanaingizwa humo, jua linakausha, wanafagia chumvi kwa mafagio wanakusanya mafungu halafu wanahifadhi kwenye mapango yaliyochongwa hapo hapo kando ya barabara. Wanauza mlangoni mwa pango. Mavuno yanaanza kama Mei mpaka Septemba, kwa hiyo mkibahatika mtawakuta kazini, ila hali ya hewa ikiharibika mvua inayeyusha yote wanaanza upya. Tafadhali msikanyage ndani ya visima kwa ajili ya kupiga picha, watalii wanafanya hivyo na wenyewe wanaumia sana, ile ni sahani ya chakula cha mtu.

Bei hazipatani. Ni moja iliyobandikwa, ukianza kuvutana unamuona mtu anakunja uso. Ukichukua vitu vingi mwenyewe atakuongezea kitu.

Kijiji cha Nadur msikose kula ftira, mkate bapa unaookwa kwenye tanuru la kuni, wa Gozo wanaweka viazi, nyanya, kepa na samaki wadogo wa chumvi, au jibini na mayai. Hiyo si ya kubeba, kuleni pale pale ya moto. Huu mkate uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO 2020, na mimi naona walistahili kabisa.

---

Fundi_Kofia_Lamu

Dada Bint Pangani pokea salamu za Lamu. Nimekulia nyumba ya kushona kofia kwa mkono, zile za vijitundu ambazo moja inakaa kwa fundi miezi, kwa hiyo hili swali lako la lesi limenigusa na nitalijibu kwa urefu, wenye haraka wanisamehe.

Lesi ya Malta wenyewe wanaita bizzilla. Haishonwi kwa sindano wala haifumwi kwa kulabu. Fundi anakuwa na mto mrefu uliojazwa majani makavu ameuegemeza ukutani, juu yake kuna karatasi ya ramani ya ua iliyotobolewa matundu, anachoma pini kwenye matundu halafu nyuzi zimezungushwa kwenye vijiti vya mbao, vinaweza kuwa vingi mno kutegemea upana wa kazi, na anavirusha jozi kwa jozi huku na huku, nyuzi zinapishana na kusukana kuzunguka pini. Ukiingia mahali ukasikia vile vijiti vinagongana kwa kasi ujue umefika kwa mwenyewe. Ufundi ulikuwepo tangu enzi za Knights wa St John, wale askari wa Kikristo waliotawala Malta zamani, ukafifia, ukafufuliwa karne ya 19 kwa mtindo wa Genoa Italia, na ilipofika maonyesho makubwa ya London 1851 lesi ya Malta ilikuwa na jina tayari. Pale Valletta mbele ya maktaba ya taifa kuna sanamu ya Malkia Victoria ya 1891, mwangalie, kajitanda shali ya lesi ya Malta ilochongwa kwenye marumaru.

Sasa namna ya kuitambua. Kwanza uzi: ya asili ilikuwa hariri ya rangi ya maziwa yaliyokolea, siku hizi wanatumia na pamba au kitani kwa sababu hariri ni ghali, hiyo si kosa ila muulize na bei ifuate. Pili ua: utaona msalaba wa ncha nane na vijani (majani madogo) vinene vyenye umbo la punje ya ngano. Kijani kile ndicho kipimo cha fundi, kwa sababu kinatakiwa kivimbe katikati na kichongoke pande zote mbili, na uzi mmoja ukivutwa zaidi kinasinyaa. Ya mashine vijani vyake ni bapa, vimelala, na ukisogeza karibu na jicho unaona vinyweleo vya uzi, havijasukwa, vimedariziwa kisha kitambaa cha chini kikayeyushwa kwa dawa. Tatu, tazama pale kazi ilipoanzia na kuishia. Ya mkono ina sehemu nyuzi zilipofungwa na kukatwa, hata awe fundi gani itaonekana ukitafuta, ya mashine haina mwanzo wala mwisho. Nne, zipange mbili za ua moja pamoja. Zikilingana mpaka tundu la mwisho, weka chini.

Lakini kipimo kikubwa kuliko vyote ni kumuuliza muuzaji nani kaitengeneza na ilichukua muda gani. Mwenye kazi ya kweli atakueleza mpaka utachoka, ni ya shangazi yake, anakaa kijiji fulani, alianza baada ya Pasaka. Muuzaji wa kontena atakwambia "ya hapa hapa" na kugeukia mteja mwengine. Na ukishaelezwa usiombe apunguze. Kitambaa cha meza cha mkono kinafika mamia ya euro na bado fundi ukigawa kwa saa alizokaa anapata kidogo kuliko anayeosha vyombo hotelini, ndiyo maana wasichana hawaifuati na wengi walobaki ni kina mama wa makamo na wazee. Mimi naumia nikiona mtu anasafiri maelfu ya maili, analipa hoteli bila kunung'unika, kisha anafika kwa bibi wa lesi ndipo anakumbuka kubana matumizi. Kama bajeti ni ndogo chukua kipande kidogo cha kweli, hata cha upana wa kiganja. Mama mkwe wako atakielewa kuliko mita tatu za uongo.

Nenda Ta' Dbieġi, upande wa San Lawrenz na Għarb. Ni majengo ya zamani ya jeshi la Waingereza yamegeuzwa karakana, kuna lesi, vyungu, vito vya fedha ya nyuzi nyembamba, kioo cha kupuliza. Ingia zile karakana ambazo mtu yuko kazini, zile ambazo ni rafu tupu na kaunta zipite.

---

Dr_Mifugo

Nichangie kwenye jibini, maana ndo eneo langu. Zinaitwa ġbejna, ukubwa wa kiganja, za maziwa ya kondoo au mbuzi. Kuna mbichi laini inayoelea kwenye maji yake, hiyo haisafiri, kula huko huko na mkate na mafuta ya zeituni. Kuna iliyokaushwa kwa hewa, ngumu kidogo. Na kuna ya pilipili manga iliyolowekwa siki halafu ikavingirishwa kwenye pilipili, hiyo ndo ya kubeba.

Jambo la muhimu, nunua yenye lebo na iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa kiwandani au kwa mkulima aliyesajiliwa. Usinunue isiyo na lebo mlangoni kwa mtu hata kama anaonekana mwema kiasi gani, hasa kama una mimba. Brusela, huu ugonjwa ambao wafugaji wetu wanaujua kwa mifugo kutupa mimba na binadamu kupata homa inayokuja na kuondoka na maumivu ya viungo, ulimwenguni uliitwa homa ya Malta kwa sababu huko ndiko kisa chake kilifumbuliwa. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aliona kijidudu chenyewe 1887 kwa wanajeshi waliokufa, lakini hakuna aliyejua kinatoka wapi mpaka 1905 daktari wa Malta, Themistocles Zammit, alipokikuta kwenye damu ya mbuzi waliokuwa wakionekana wazima kabisa, na wakati huo mbuzi walikuwa wanakamuliwa mlango kwa mlango mitaani. Huyo Bruce ndiye aliyekuja Uganda 1903 kwenye uchunguzi wa malale. Mlipuko mwingine wa brusela ulitokea Malta 1995 na jibini hizi hizi zilihusika, kwa hiyo sisemi mambo ya kale.

Kubeba: Malta kwenda Ujerumani ni ndani ya Umoja wa Ulaya, jibini ya kula mwenyewe inapita bila shida. Kama kuna anayesoma hapa anarudi Uingereza aelewe kwamba tangu Aprili 2025 wamezuia abiria kuingia na nyama na maziwa kutoka Ulaya kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo, jibini itaishia kwenye pipa. Tanzania usipeleke, mazao ya mifugo yanataka kibali. Mama mkwe mpelekee chumvi, hiyo si zao la mifugo.

Asali, kunserva, bigilla na jibini laini zote weka kwenye begi la chini, viwanja vya ndege vingi bado wanahesabu kama kimiminika. Na kama mnajali kigandishi cha maziwa, cha asili kinatoka kwenye tumbo la ndama au mwanakondoo, ulizeni muuzaji kabla. Vilevile vile vitumbua vyao vya kuoka vya jibini ulizeni mafuta, baadhi hutumia ya nguruwe.

---

Mzenji_Muscat

Assalaam alaykum. Huyo shoga yako kakwambia kweli upande mmoja. Mie nilikwenda Djerba kwa sababu nyengine kabisa, nilitaka kuona misikiti ya Kiibadhi, madhehebu yetu ya Kiislamu, maana kule wamo Maibadhi tangu karne za mwanzo kama sisi wa Oman na Unguja, na vitabu vya mashekhe wa Maghribi vyengine vilichapwa Unguja enzi za Sayyid Barghash. Misikiti yao midogo, meupe, imelala chini, mmoja umechimbwa ndani ya ardhi kabisa. Sehemu kadhaa za kisiwa zimeingia orodha ya urithi ya UNESCO 2023.

Kwa manunuzi: mji ni Houmt Souk. Pale pana mnada wa samaki ambao lazima uuone, dalali anakaa juu ya kiti kirefu, samaki wametungwa kwenye uzi kawanyanyua mkononi, wanunuzi wako chini wanapandisha bei. Aliyezoea mnada wa Malindi Unguja au Feri ya Dar atajiona yuko nyumbani, tafauti ni kile kiti tu.

Vyungu nenda Guellala, kusini ya kisiwa. Udongo wanauchimba kwenye mashimo marefu chini ya kilima. Fundi mmoja alinieleza wakikanda kwa maji matamu chungu hutoka chekundu, wakikanda kwa maji ya bahari hutoka cheupe. Hapa sasa skiza sana: zile sahani za rangi rangi buluu na manjano zinazong'ara zilizopangwa njia nzima si za Djerba, wingi wao zatoka Nabeul, bara. Si mbovu, lakini si za pale. Za Guellala khasa ni za udongo mtupu bila ya rangi, mitungi ya maji na mafuta, na vile vyungu vidogo wavuvi wanavyovizamisha baharini kutegea pweza, pweza anaingia mwenyewe akidhani pango. Mie nlichukua kimoja kama hicho, kipo sebuleni.

Kule bei inapatana, na kwa adabu. Kaa, kunywa chai, uliza hali, ndio utaje bei. Vyakula: harisa yao ya pilipili iliyopondwa (si ile yetu ya ngano) ya kutengenezwa nyumbani, mafuta ya zeituni, pweza mkavu. Fedha na dhahabu, mafundi wa Kiyahudi wa Djerba wana sifa ya zamani. Dinari ya Tunisia hairuhusiwi kutoka nchini, badilisha kidogo kidogo. Na ukirudi Ujerumani ukitokea Tunisia sharia ni nyengine: nyama na maziwa hayaingii kabisa, asali mwisho kilo 2, matunda mabichi yanataka cheti isipokuwa machache kama nanasi, nazi, ndizi na tende. Tende beba.

Kama safari ni ya mapumziko na lesi, nenda Gozo. Kama ni vyungu na soko la kupatana kwa Kiarabu chako cha madrasa, Djerba. Usiziunganishe kwenye likizo moja fupi utachoka bure.

---

Bint_Pangani

Jamani sina hata la kusema, mmenijibu kuliko nilivyouliza. Djerba naiweka mwakani, mume wangu kasoma hiyo habari ya mnada wa samaki kashaanza kutafuta tiketi. Nimeamua lesi kipande kimoja cha kweli kwa mama, na chumvi. Fundi Kofia asante sana, hilo la vijani kuvimba katikati nimelinakili kwenye simu. Nimebaki na mawili: asali mwezi wa tano itakuwepo? Na lesi naisafirishaje mpaka Pangani isiharibike?

---

Mkazi_wa_Sliema

Asali ipo ila si ile yenye jina. Mwezi wa tano unapata ya maua mchanganyiko ya masika yao, nyepesi. Ile nzito ya maua ya zaatari inavunwa baada ya Julai, na mwisho wa mwaka kuna ya maua ya mti wa mkarobu (carob), nyeusi kidogo. Mtu akikuuzia ya zaatari Mei akasema imevunwa juzi muache, muulize kama ni ya mwaka jana, ikiwa ya mwaka jana na anakwambia hivyo wazi basi nunua, asali haiozi. Nyanya za kukausha nazo vile vile, zinaanikwa kwenye jua kali la kiangazi, utakazokuta ni za mwaka uliopita.

Na panga siku yako vizuri, maduka madogo ya Victoria mengi yanafunga adhuhuri mpaka saa kumi jioni, na Jumapili usitegemee kitu. Asubuhi Ta' Dbieġi au It-Tokk, mchana mkale Nadur, jioni jua likipoa ndo Xwejni.

---

Fundi_Kofia_Lamu

Lesi usiikunje, mkunjo ukikaa muda mrefu uzi wa hariri unakatika hapo hapo. Izungushe kwenye bomba la karatasi ngumu, weka kitambaa cheupe cha pamba katikati ya mizunguko, juu funika na kitambaa kingine, usiifunge kwenye nailoni kwa sababu Pangani kuna joto la pwani na itatoka ukungu. Mwambie mama akitaka kuifua ni maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande laini, asiisugue wala kuikamua, aibonyeze ndani ya taulo kisha aitandaze juu ya taulo jingine kivulini aivute pembe zake kwa pini mpaka ikauke. Bizzilla haitaki pasi ya moto. Na ukipata picha ya huyo bibi akiwa kazini, ukimuomba ruhusa kwanza, itie humu tuone mto wake.